Tunashuka Kidogo

Kwenye jubilei ya ndoa ya Kapteni Fulgence na Mama Koku, mwaka huu, nyumbani kwa binti yao kule Buswelu, nilikaa meza ya pili kutoka mbele, na nyuma yangu walikaa wanawake wawili nisiowajua. Walikuwa wamemaliza supu, sasa wanamaliza watu. Mmoja akauliza yule mama mrefu mwenye mvi ni nani, maana amekaa na familia na hafanani na yeyote. Mwenzake akapunguza sauti, ila si sana, akasema, "Humjui? Ndiye yule rubani. Ndiye aliyemwita Mzee jina lake, hukohuko angani, kama anayemwita mtoto wa jirani." Wa kwanza akaguna, mguno ule wa kwetu unaotosha kuwa hukumu. Nikageuka nikawasalimia, wakaitikia kwa furaha kubwa, wakanisogezea bakuli la senene wa kukaanga, na hadi shughuli inaisha tulikuwa tumeshapeana namba za simu. Sikuwakasirikia. Habari ile imezunguka Mwanza miaka mingi, na kila ilipopita imeongezwa chumvi. Nimewahi kuambiwa kwamba nilimpiga kofi. Nimewahi kuambiwa injini ilikuwa inawaka moto na mimi nalia. Basi kwa kuwa wahusika bado tupo, na mwenye jina lake alikuwa pale mbele anakata keki kwa mkono unaotetemeka huku watu wanapiga vigelegele, nimeona niisimulie mwenyewe kama ilivyokuwa.

Ya nyumbani kwetu nayaacha. Hayana tofauti na ya wengi. Mwaka ninaoutaka ni ule nilioishi Pasiansi, nimetoka chuo cha urubani, nina leseni mpya na suruali mbili za kazi. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa ndogo na haipo tena. Ilikuwa na ndege mbili, kila moja ya injini mbili, zikienda Bukoba na kurudi, siku nyingine Musoma. Masharti yake hayakuhitaji maelezo mengi: mwaka mmoja wa majaribio kwenye kiti cha kulia, kiti cha rubani msaidizi, chini ya Kapteni Fulgence, na mwisho wa mwaka yeye ndiye angesema kama ninafaa. Akisema hapana, basi. Wakati huo msichana wa kuendesha ndege alikuwa kituko cha kusimuliana, na hakukuwa na mlango mwingine mjini wa kwenda kubisha hodi. Kwa hiyo maisha yangu yote yalikuwa mikononi mwa mzee mmoja wa Kihaya mwenye sauti ya chini, anayetafuna buni ya kahawa tangu asubuhi hadi jioni, na ambaye, kama Mhaya yeyote aliyesoma, hakuweza kukutajia kijiji chake bila kukutajia na shule. Na kana kwamba hilo halikutosha, nilikuwa mpangaji wake.

Chumba changu kilikuwa uani, kati ya jiko na tangi la maji. Kuta zilipakwa rangi ya kijani hadi nusu, juu chokaa, na dirisha lilitazama ziwa kwa kupita juu ya mabati ya watu. Jirani alianika dagaa kwenye miamba, harufu ikaingia kwenye shuka zangu na kwenye shati la kazi, na bila shaka ikapanda hadi ndani ya ndege, maana abiria mmoja aliwahi kuuliza kama tumebeba mzigo wa samaki. Uwanja wa ndege ulikuwa karibu mno. Ndege ikipita, vikombe vya Mama Koku viligongana kabatini. Jioni tulikula pamoja sebuleni, ndizi na maharage, siku za neema sato wa kuchemsha, na taa ya umeme iliyokuwa inakonyeza ukutani hakuna aliyeitengeneza mwaka mzima. Nyumbani nilimwita Kapteni "Baba", kwa sababu ningemwitaje mtu ninayekula kwake? Kazini alitaka nimwite "Kapteni" kama alivyoitwa na wote. Nilijaribu. Kila nilipofungua mdomo lilitoka "Baba", hadi abiria wakaamini mimi ni binti yake, na mama mmoja wa Bukoba akamsifu kwa kumrithisha mtoto kazi.

Mimi ni Msukuma, naitwa Kabula, na kwetu binti anamwamkia mtu mzima amepiga magoti. Kila asubuhi nilitoka chumbani, nikapiga magoti kwenye mlango wa jiko, nikasema shikamoo, Kapteni akaitikia marahaba akiwa ameshika kikombe chake cha chai, akaniuliza kama nimelala. Baada ya hapo tunakwenda uwanjani, tunakaa bega kwa bega, na kazi yangu ni kumtazama huyohuyo niliyempigia magoti na kumwambia anapokosea. Kule chuoni jambo hili lilifundishwa kwa nusu saa na mwalimu mgeni, tena kijana, aliyedhani ni kitu rahisi. Mimi nilijua kusoma vipimo. Nilijua kutua kwenye upepo wa ubavuni. Kumwambia mtu wa umri wa baba yangu "hapana" nilikuwa sijui, na sikujua kwamba sijui.

Na kulikuwa na lile neno. Sisi watu wa huku tuna neno la kulainishia kila kitu, nalo ni "kidogo". Naomba nipite kidogo. Nina shida kidogo. Nimechelewa kidogo, anasema mtu uliyemsubiri nusu ya siku. Mwaka uleule jirani yetu alibebwa juu juu kupelekwa hospitali, na Mama Koku alipomkimbilia kumuuliza hali, mgonjwa akamjibu kutoka mikononi mwa watu kwamba anaumwa kidogo. Si uongo. Ni adabu, humtupii mtu neno zima usoni, unamkatia kipande. Siku hizi ninapofundisha vijana huko Dar es Salaam nawaeleza haya, wanacheka sana, kisha tunaingia kwenye mtambo wa mazoezi ya kuruka na haupiti muda nasikia, "Kapteni, mafuta yamepungua kidogo." Hapo nacheka mimi.

Nilijua hatari iliyokuwa mbele yangu kwa njia ya watu wote wanaoishi uani, yaani kwa kusikia yasiyonihusu. Jumapili moja nilikuwa nafua chini ya dirisha la sebule, nikamsikia Mama Koku anamuuliza mumewe kama binti atapita. Nikamsikia Kapteni anatafuna. Akasema mtoto anajua kuruka, tena vizuri, mkono wake ni mwepesi. Tatizo hasemi. Ukimuuliza mwendo, anakujibu kama anaomba msamaha kwa niaba ya kipimo. "Siwezi kumwachia watu mtu asiyesema," akamaliza. Nilibaki na shati mkononi, povu linanikauka kwenye vidole. Nililia, sitaficha, lakini nililia kimya ili wasisikie, jambo ambalo nikilikumbuka sasa naona ndilo hasa alilokuwa analalamikia.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Ilikuwa wiki ambayo vijidudu vya ziwani vinapanda kutoka majini kwa makundi, vinasimama angani kama moshi wa jiko la kuni, na tulipokuwa tunaondoka Bukoba tulipita katikati ya wingu lao, kioo cha mbele kikachafuka chote. Abiria walijaa. Kwenye kiti cha kwanza alikaa mfanyabiashara wa vitenge, Bwana Thobias, mteja wetu wa kila wiki, mtu mwenye fimbo na mwenye kupenda kusikia ya marubani, kwa kuwa kati yake na sisi hakukuwa na mlango, lilikuwepo pazia tu. Tulipokaribia Mwanza, Kapteni akasema magurudumu, nikashusha mpini wake. Kwa kawaida unasikia mtikisiko chini ya miguu, halafu taa tatu za kijani zinawaka, moja kwa kila gurudumu. Zikawaka mbili. Ya kushoto ikabaki giza, na kwenye mpini wenyewe taa nyekundu ya hatari ikawaka na kukataa kuzimika. Maana yake ni kwamba gurudumu la kushoto ama halijajifunga mahali pake, ama limejifunga na taa inasema uongo, na ukiwa juu hujui ni lipi. Kama halijajifunga, ukigusa ardhi linakunjika, ndege inalalia bawa, na mafuta yamo ndani ya bawa.

Kapteni hakuonyesha kushtuka. Akasema hatutui, akapanda hadi kipimo cha urefu kikasoma futi elfu tano, akageuza tuelekee ziwani tulishughulikie jambo hukohuko ambako hakuna nyumba za watu. Hapa inabidi nieleze kitu kimoja cha kwetu. Kipimo kile kinahesabu kutoka usawa wa bahari, na ziwa letu lenyewe liko juu, karibu futi elfu tatu na mia saba. Kwa hiyo kikisoma elfu nne, mgeni ataona bado ana nafasi ya kutosha, kumbe yuko karibu kulowa. Kapteni akanipa kitabu cha maelekezo nimsomee hatua za kufuata. Yeye akabaki na mkono wa kushoto kwenye usukani, na kwa mkono wa kulia akaanza kushughulika na ile taa ya kijani iliyogoma. Akaibonyeza. Akaizungusha. Akaichomoa balbu yake, akaisogeza karibu na uso, akaipuliza, akairudisha, akaichomoa tena. Ilikuwa na ukubwa wa punje ya harage, na sote wawili tulikuwa tumeikodolea macho kana kwamba ndiyo inayoendesha ndege.

Nje hakukuwa na kitu cha kututahadharisha. Ukungu ulikuwa mweupe na ziwa limelala bila wimbi, maji na anga rangi moja, huwezi kusema kimoja kinaishia wapi. Magurudumu yakiwa nje, ndege inaburuta, inataka nguvu zaidi ili ibaki pale ilipo, na nguvu hakuna aliyeongeza. Nikainua macho kutoka kitabuni, nikaona mshale wa urefu umeiacha tano.

"Samahani, Baba," nikasema. "Naona kama tunashuka kidogo."

"Sawa," akajibu, na akaendelea kuzungusha balbu.

Nikajiona nimetimiza wajibu, nikarudi kitabuni. Nilipotazama tena mshale ulikuwa unaikaribia elfu nne na nusu. Nikasema tena, "Baba, tunashuka kidogo," na safari hii hakunijibu kabisa. Vijana wangu huniuliza nilikuwa nawaza nini, na mimi huwaambia kweli. Niliwaza, atakuwa anajua. Niliwaza, huyu ni mtu mzima, amevuka ziwa hili tangu mimi sijajua kusoma. Niliwaza kwamba nikirudia mara ya tatu nitaonekana namsimamia, na jioni nitakula kwake kwa uso gani? Haya yote niliyawaza huku tunaendelea kwenda chini, kwa utulivu, bila mtikisiko wowote, kiasi kwamba abiria wengine walikuwa wamesinzia. Kisha ukungu ukaachia chini yangu nikaona dumu la njano. Wavuvi wetu hufunga madumu matupu ya mafuta ya kula kwenye nyavu zao ili yaelee yawaonyeshe zilipo. Niliona dumu, halafu nikaona mpini wa dumu.

"Fulgence. Panda."

Sikulipanga. Lilitoka sehemu ya kifua nisiyoijua, bila Baba, bila Kapteni, bila samahani, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshasukuma nguvu za injini hadi mwisho kabla sijafunga mdomo. Balbu ikamponyoka ikaangukia miguuni. Akatazama kipimo, akatazama maji, na uso wake ukawa uso wa mtu aliyeamshwa kwa kumwagiwa maji ya baridi. Akaachia usukani akasema, "Unayo wewe," yaani ndege ni yako. Nikasema, "Ninayo mimi," nikapanda nayo hadi elfu sita. Nyuma ya pazia nikamsikia Bwana Thobias anamwambia jirani yake, taratibu, kama mtu aliyeona ajabu ya mwaka, "Amemwita Fulgence."

Yaliyobaki tuliyafanya vizuri, na nasema hivyo kwa fahari. Kapteni akazungumza na mnara wa uwanjani, tukapita karibu nao, mwongozaji akatutazama kwa darubini akasema magurudumu yote matatu anayaona chini, lakini kujifunga hawezi kujua. Kapteni akavuta mpini wa dharura wa sakafuni, ule wa kusukuma magurudumu kwa nguvu ya mkono, akapampu hadi jasho likamlowesha kola. Taa nyekundu ikabaki palepale. Akawaeleza abiria kwa sauti yake ileile ya chini kwamba tutatua, wafunge mikanda na wainamishe vichwa. Halafu akanigeukia akasema nitue mimi, kwa kuwa mkono wangu ni mwepesi, na yeye atanisomea mwendo. Nilitua kwa gurudumu la kulia, nikalibeba lile la kushoto juu kadiri bawa lilivyokubali, gari la zimamoto linatukimbilia ubavuni, kisha mwendo ukaisha na nikalishusha chini kama unavyoweka yai. Likasimama imara. Mama mmoja mwenye tenga la ndizi alinishika mikono yote miwili akaniombea heri. Bwana Thobias alinipita bila kunitazama, na nikamsikia analalamika chini ya ngazi kwamba tumechelewa kidogo.

Fundi alipofungua kule chini alikuta swichi ya taa imejaa vijidudu vya ziwani vilivyosagika na tope hadi vikawa kama ugali. Gurudumu lilikuwa limejifunga tangu mwanzo. Tungeweza kutua mara ya kwanza kabisa na tusipate hata mchubuko. Kilichokaribia kutuua kilikuwa ndani, kwenye viti viwili vya mbele, na nilikaa ukingoni mwa njia ya magari nikafikiria hilo. Kapteni hakuwa ameniambia neno tangu tushuke. Aliingia ofisini, mlango ukafungwa.

Nilirudi Pasiansi nikaanza kufunga mizigo. Habari ilikuwa imenitangulia, kama kawaida ya mji wetu. Muuza genge la mboga aliniitikia salamu kwa uangalifu, kama unavyomwitikia mtu mwenye ugonjwa. Mama Koku akanikuta na sanduku wazi kitandani. Hakuuliza la sanduku. Alinipa kisu, akaniambia tukamenye ndizi, jioni kuna mgeni. Tukakaa jikoni, tukamenya, na baada ya muda akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akamenya ndizi mbili, halafu akasema yeye ameolewa na mtu huyu tangu ujana wake, amemzalia watoto watano, na hajawahi. Humwita Baba Koku. Nilipomwangalia nikaona mabega yake yanatikisika, anajizuia kucheka, na mimi badala ya kucheka nikaanza kulia kwa sauti, mara ya kwanza katika nyumba ile.

Mgeni alikuwa Kapteni Salum, mkuu wa marubani wa kampuni, mtu wa mjini, mpole, mwenye kofia safi na maneno ya kuchagua. Walikaa sebuleni, na kati ya jiko na sebule dirisha lilikuwa wazi. Mama Koku akaweka kidole mdomoni, tukaacha kumenya. Kapteni Salum alianza mbali, kwa hali ya familia na hali ya mvua, kisha akafika. Bwana Thobias alikuwa amekwenda ofisini. Amesema hawezi kuweka roho yake mikononi mwa msichana asiye na malezi, na kwamba wateja wengine watamfuata yeye aendako. Mkurugenzi anafikiri majaribio yakatishwe, Kabula ahamishiwe dirisha la tiketi, kwa amani, bila kumvunjia mtu heshima. Nilishika kisu kwa nguvu hadi kiganja kikauma. Kwa hiyo ni tiketi, nikajisemea. Miaka yote ile, halafu tiketi.

"Aliniambia mara mbili kwa adabu, haikuniingia," Kapteni Fulgence akasema. "Mara ya tatu akaniambia bila adabu, na ndiyo maana Thobias alifika ofisini kulalamika."

Kapteni Salum akauliza, basi tuseme huyu binti anafaa? Kapteni Fulgence akajibu kwamba bado, mwaka haujaisha, na mkurugenzi akitaka kumtoa mtu kwenye chumba cha marubani aanze na aliyekuwa anachezea balbu. Wakahamia kwenye habari za mpira. Mgeni alipoondoka niliitwa. Niliingia sebuleni nikapiga magoti, nikasema, "Baba, nisamehe. Nimekuvunjia heshima."

"Kosa lako ni kidogo," akasema.

Nikamshukuru, nikasema mimi nililiona kubwa.

"Hujanielewa. Sisemi ni dogo. Nasema kosa lako ni hilo neno. Nilikusikia, mwanangu, mara zote mbili. Umesema tunashuka kidogo, nikajiambia kidogo haina shida. Ungeniambia futi, ningetazama. Na kosa langu ni kwamba nimekaa na wewe mwaka huu nikasubiri uwe na sauti, kana kwamba sauti inaota kama jino."

Ndipo akaniambia utaratibu mpya. Ndani ya ndege lile neno limekufa, nitaje namba. Na kila safari yeye ataweka kosa moja kwa makusudi, lisilodhuru mtu, nami nimwambie. Nikilikosa, ataniambia tukishasimama. Siku za mwanzo nililikosa karibu kila mara, au nililiona nikajiuliza kama nimeliona. Alisahau swichi, alitaja masafa ya redio yasiyo sahihi, alianza kugeuka upande usio wake, na mimi jasho likinitoka nikasema, "Kapteni, tunatakiwa tugeukie kulia," naye akasema asante akageuka. Jina hilo la Kapteni lilianza kutoka lenyewe, bila kulisukuma. Mama Koku aliposikia sheria aliipeleka mezani. Ukiomba chumvi kidogo hupewi, taja vijiko. Ukisema umechoka kidogo unaulizwa, nusu au robo? Tulicheka sana miezi ile. Asubuhi niliendelea kupiga magoti kwenye mlango wa jiko, hakuna aliyeniambia niache wala sikutaka kuacha, na nilipomkosoa angani baada ya hapo sikuona tena kwamba jambo moja linalidhulumu lingine. Bwana Thobias naye hakwenda popote, maana hakukuwa na ndege nyingine ya kumfikisha Bukoba asubuhi. Alihamia kiti cha nyuma kabisa, akasusa huko wiki kadhaa, kisha siku moja nikamkuta amerudi kiti cha kwanza, anasikiliza kupitia pazia kama zamani.

Safari ya mwisho wa mwaka wangu ilikuwa ileile ya kutoka Bukoba, mvua inajikusanya upande wa Ukerewe. Karatasi ya uamuzi ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Kapteni. Niliiona aliposimama kufunga mkanda. Kosa la siku nilikuwa nimeshalikamata kabla hatujaondoka ardhini, swichi ya taa za mabawa, jepesi sana, nikamwambia, akaiwasha. Nilivuka ziwa moyo mweupe. Karibu na Mwanza mnara ukatupa namba ya mgandamizo wa hewa ya saa ile, ambayo kila rubani anaiweka kwenye kipimo chake cha urefu ili kisome sawasawa. Nikaweka yangu, naye akaweka yake. Nikatazama kipimo changu, nikatazama chake.

"Kapteni, kipimo chako kiko juu ya changu futi mia tatu," nikasema. "Namba uliyoweka siyo."

Akainama karibu na kioo. Akabaki ameinama kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea, kisha akageuza namba taratibu hadi vipimo viwili vikasoma kitu kimoja. Akasema asante. Tukatua kwenye manyunyu, abiria wakashuka wakikimbia na mifuko vichwani, na sisi tukabaki tumekaa, injini zimezimwa, mvua inapiga bati la ndege. Nilikuwa na furaha ya kunifanya nipige kelele. Nikamwambia huku nacheka kwamba leo amenionea, siku zote huweka kosa moja, na leo kwa kuwa ni ya mwisho ameweka mawili.

"Niliweka moja," akasema.

Sikucheka tena. Alitoa karatasi mfukoni, akaitandaza juu ya paja, akaandika jina lake pale chini, akaisogeza karibu na uso kuhakikisha ameandika mahali panapotakiwa, kisha akanipa. Akasema sasa ninafaa. Akasema kesho nitaruka na Salum, kwa sababu yeye anakwenda kumwona daktari wa macho, kama sio kesho basi wiki ijayo, ikiwa nafasi itapatikana. Nilikuwa nimeishika ile karatasi, kitu nilichokitaka kuliko chochote duniani, na nikaona inaanza kulowa jasho la mikono yangu.

"Nenda kesho," nikamwambia. "Usiruke tena kabla hajakupima."

Alitazama mvua kwenye kioo.

"Nimekusikia," akasema.